"Siku Ambayo Sitaisahau": Insha, Dhiki na Kalamu Nyekundu

Hakuna mwalimu wa Kiswahili katika Afrika Mashariki asiyeijua anwani hiyo. Imo katika vitabu vya insha, imo katika mitihani ya majaribio, na kila muhula huandikwa ubaoni na walimu ambao nao waliandikiwa ubaoni walipokuwa wanafunzi. Inapendwa kwa kuwa haihitaji maandalizi: kila mtoto ana siku yake, na kila mwalimu ana kalamu nyekundu. Makala haya yanadhamiria kuihakiki insha hiyo kama tunavyouhakiki utanzu mwingine wowote, yaani kutazama fani yake, msimulizi wake na msomaji wake, kwa sababu imeanza kutwishwa mzigo ambao haikuumbwa kuubeba. Siku hizi walimu wetu wa upande huu wa Rwenzori wanapohudhuria semina za ushauri nasaha huelezwa kwamba kuandika kunaponya, basi wawaandikishe wanafunzi yale yaliyowasibu. Wakirudi shuleni, chombo cha pekee walicho nacho cha kumwandikisha mtu yaliyomsibu ni "Siku Ambayo Sitaisahau".

Je, insha hii yaweza kuifanya kazi hiyo? Jibu langu nalitanguliza ili msomaji asinifuate gizani. Haiwezi, ikibaki kama ilivyo. Lakini fasihi ya Kiswahili yenyewe inatuonyesha namna ya kuirekebisha, na inatuonyesha jambo ambalo wanasaikolojia waliotuletea zoezi hili hawakulipa uzito wa kutosha, nalo ni kwamba mwenye dhiki huandika vyema anapokuwa na mtu wa kumwandikia.

Anayefundisha kati ya Munkunyu, Kisinga na Bwera hafundishi watoto wenye siku za kubuni. Watu wazima wa hapa wanaikumbuka Novemba 1996, waasi wa ADF walipoingia kupitia Mpondwe. Katika wilaya jirani ya Kabarole, Juni 1998, wanafunzi wapatao 80 wa Chuo cha Ufundi cha Kichwamba waliteketezwa kwa moto. Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika ukazoa nyumba na madaraja ya Kilembe na Kasese; Mei 2020 ukafurika tena pamoja na mito mingine ya wilaya. Novemba 2016 mapigano baina ya vikosi vya serikali na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu yaliua watu zaidi ya 100. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, ilivamiwa. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Mwanachuo wetu anayepangiwa shule ya huku kwa mazoezi ya kufundisha, akiandika ubaoni anwani tunayoizungumzia, ajue kwamba mbele yake wameketi watu ambao siku hiyo wanayo, na pengine wangelipa kitu ili waisahau.

Katika ukaguzi wa mazoezi hayo nina desturi ya kuomba rundo la madaftari ya insha na kuyasoma nje, chini ya mti, mwanachuo anapoendelea na kipindi. (Daftari la mwanafunzi husema kweli kuliko andalio la somo.) Katika rundo moja nilikuta insha ya msichana wa kidato cha pili. Aya ya kwanza ilikuwa ile tunayoijua sote: aliyerauka alfajiri na mapema, jua lililochomoza kwa madaha, ndege walioimba. Aya ya pili ikafika kwa "ghafla bin vuu". Kisha zikaja sentensi nne zisizo na pambo lolote, zenye kosa la upatanisho karibu katika kila moja. Zilisema kwamba maji yalikuja usiku, baba akarudi ndani kumchukua nyanya, hakutoka, na wao wakalala kwa kanisa. Aya ya mwisho ikakimbilia methali. Kalamu nyekundu ilikuwa imezungushia "kwa kanisa" na kusahihisha kuwa "kanisani". Chini palikuwa na alama 9 kati ya 20 na maoni ya mwalimu: ongeza tamathali za usemi.

Simlaumu aliyesahihisha, alifanya tulichomfundisha. Lakini nikiwa mhakiki nasema kwamba zile sentensi nne ndizo zilizokuwa Kiswahili bora katika rundo lote. Zitazameni kwa makini. Maji "yalikuja", baba "akarudi", halafu "hakutoka". Msimulizi anaanza na wakati uliopita, anaingia katika -ka- ya masimulizi inayofuatisha tukio kwa tukio, na mara mfuatano unakatwa na kikanushi. Palipotarajiwa "akatoka" pamekaa "hakutoka". Hakuna "majonzi yasiyo kifani" yanayoweza kusema yaliyosemwa na hako ka kiambishi. Aya ya kwanza na ya mwisho hazikuwa zake, zilikuwa za kitabu. Na zilifanya kazi ya pazia, moja mbele na moja nyuma, ili lile jambo lisionekane sana. Pengine alilihitaji pazia hilo. Mwalimu alipomwambia aongeze tamathali alikuwa, bila kujua, anamwambia azidi kulifunika.

Hapo ndipo penye hitilafu ya utanzu huu. Msimulizi wa "Siku Ambayo Sitaisahau" anaitwa "mimi" lakini si mtu. Ni kikaragosi kinachovishwa misemo: hushikwa na butwaa, machozi humtiririka njia mbili mbili, moyo humdunda, na mwisho hujifunza kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Msomaji wake naye ni mmoja tu, mtahini, ambaye hasomi ili ajue kilichotokea bali ili ahesabu. Mwanafunzi hodari hulifahamu hilo mapema. Wapo waliowaua wazazi wao katika insha ilhali wazazi wako nyumbani wanapalilia kahawa, kwa kuwa kifo kina misamiati mingi kuliko harusi. Sisemi hili kwa kejeli. Ni ustadi, na mtihani umeutaka. Tatizo linazuka pale mtoto mwenye kifo cha kweli anapokalia dawati lilelile, akapewa anwani ileile na dakika zilezile arobaini.

Sasa tuliangalie hilo zoezi tulilopokea kutoka ng'ambo, maana linatajwa sana na kusomwa kidogo. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker pamoja na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti waliofanya kwa wanafunzi 46 wa chuo kikuu huko Texas, Marekani. Wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo. Baadhi waliandika kuhusu mambo ya kawaida yasiyo na uzito. Wengine kuhusu jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, na hao nao waligawanywa: wa kueleza matukio tu, wa kueleza hisia tu, na wa kueleza vyote viwili. Walioandika matukio pamoja na hisia ndio waliokwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Aidha, jambo ambalo semina nyingi hulisahau ni kwamba mara tu baada ya kuandika watu hao walijisikia vibaya zaidi, si vizuri zaidi. Nafuu, kwa walioipata, ilikuja baadaye.

Tangu hapo tafiti zimekuwa nyingi. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alizikusanya 146 na kuzipima pamoja. Akaona kwamba kuandika kunasaidia kweli, lakini kwa kiasi kidogo. Kidogo si sifuri, na zoezi lenyewe ni la bei ya daftari, hivyo basi halifai kudharauliwa. Ila anayesimama mbele ya walimu wa Bwera akawaambia kwamba karatasi na kalamu vitaondoa kiwewe cha bweni lililochomwa anatoa ahadi ambayo utafiti wenyewe haukuitoa.

Kuna tokeo moja la Pennebaker na wenzake, la mwaka 1997, ambalo mwalimu wa lugha anapaswa kulishika kuliko mtu mwingine yeyote. Waliyahesabu maneno yaliyomo katika maandishi ya washiriki wao. Walionufaika zaidi hawakuwa wale waliomwaga huzuni nyingi zaidi. Walikuwa wale ambao, kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho, maneno yao ya kuonyesha sababu na ya kuonyesha kwamba wamelielewa jambo yaliongezeka. Kwa maneno mengine, walianza na vipande na wakamaliza na hadithi. Sasa nauliza: sisi wa Kiswahili tunayaita nini maneno hayo? "Kwa sababu", "ndiyo maana", "kwa kuwa", "ilhali", "laiti". Zaidi ya yote tunalo "kumbe". Sijui lugha nyingi, lakini katika hizo chache ninazozijua silioni neno dogo linalobeba kama "kumbe" ile hali ya mtu kugundua leo kilichokuwapo jana. Na tunayo -ka-, ambayo kazi yake yote ni kukitia kitu baada ya kitu. Tunavifundisha vyote hivi kwenye sarufi siku ya Jumanne, na insha tunaifundisha Alhamisi, kana kwamba ni masomo ya walimu wawili waliogombana.

Pamoja na hayo, nina la kulihakiki zoezi la Pennebaker pia. Linamtaka mtu aandike peke yake, bila kujali tahajia, na mara nyingi bila kumwandikia yeyote. Karatasi yaweza hata kuchanwa. Kwa mwanafunzi wetu kuna faida katika hilo, hasa ile ya kutosahihishwa. Lakini mtu wa huku hajazoea kuisemea hewa. Msiba wetu una waliokuja kukaa, una anayeanzisha wimbo na wanaouitikia. Ukimpa mtoto wa Munkunyu karatasi tupu na kumwambia "andika unavyojisikia", mara nyingi atakuandikia kwamba anajisikia vizuri, mwalimu. Si kwamba anaficha. Hajaambiwa anazungumza na nani.

Tukigeukia fasihi ya Kiswahili tunaona kwamba waliotunga wakiwa katika dhiki walilijua hilo. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka michache tu kabla hajafariki. Wahakiki wameugombania utenzi huo kwa habari ya mke na mume, na mimi sina nia ya kuingilia ugomvi huo hapa. Ninachokitazama ni hali ya usemi. Mama aliye mgonjwa anamwita bintiye, Mwana Hashima, akae karibu naye na achukue vyombo vya kuandikia. Utenzi unaanza na mtu wawili na kalamu. Yule mama angeweza kuusemea ugonjwa wake kwa beti mia. Badala yake ugonjwa unatajwa kwa uchache, kisha unageuzwa kuwa sababu ya kumpa mwanawe kitu. Maumivu hayo yamepata pa kwenda.

Wanafunzi wangu huona ajabu ninapowaambia kwamba jambo hilohilo lilifanyika Uganda karibu miaka 140 baadaye, bila ya yeyote kumtaja Mwana Kupona. NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini mwetu kilichoanzishwa mwaka 1992, kilianza katika miaka ya mwisho ya tisini kuwasaidia akina mama kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Dawa za kurefusha maisha hazikuwa zimewafikia watu wa kawaida. Mama aliyepimwa alijua kwamba huenda asimwone mwanawe akimaliza shule. Basi akachukua daftari, akaandika jina la babu na mahali alipozikwa, namna mtoto alivyozaliwa, chakula alichokipenda, ugonjwa wa mama mwenyewe, na nani wa kukimbiliwa. Baadhi yao waliandika kwa mkono uliokuwa na darasa chache tu za shule, na wengine wakaandikiwa. Mwandishi Henning Mankell wa Sweden aliwatembelea baadhi ya akina mama hao na mwaka 2003 akatoa kitabu juu ya yale aliyoyaona. Dawa zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 baadhi ya mama waliokuwa wameandika kuaga walibaki hai, na daftari likageuka kuwa kitu cha kusoma pamoja na mtoto. Ningependa siku moja mwanachuo wa idara hii atuandikie tasnifu inayoyaweka madaftari hayo kando ya utenzi wa Pate. Ni utanzu mmoja.

Shaaban Robert naye alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi la maombolezo, na ndani yake anamsemesha Amina mwenyewe, hawasemeshi majirani juu ya Amina. Katika kitabu kilekile cha *Maisha Yangu* zimo tenzi mbili, wa *Hati* kwa binti na wa *Adili* kwa mwana. Ukisoma kwa kasi utadhani tenzi hizo ni mawaidha ya kawaida yaliyotiwa humo ili kitabu kinenepe. Ukisoma polepole unaona mjane wa kiume mwenye watoto waliobaki bila mama, anayetafuta la kuwaambia. Napenda kusema wazi kwamba kama fasihi naliona shairi la Amina ni bora kuliko tenzi zote mbili. Lakini nadhani tenzi ndizo zilizomwinua asubuhi akaenda kazini.

Abdilatif Abdalla ni mfano mgumu zaidi, na ndiyo maana naupenda. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa ajili ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, na sehemu kubwa ya kifungo aliwekwa peke yake. Mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 katika *Sauti ya Dhiki* aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Hapo hakuwapo mtahini wala mhariri. Kama pana mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuandika ovyoovyo, ni yeye. Hata hivyo vina vimekaa mahali pake na mizani imetimia, katika Kimvita chake, beti kwa beti. Vijana wanaodai kwamba kanuni za ushairi zinaibana hisia nawaomba walifikirie hilo. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu, saa, nguo, jamaa, alikuwa amebakiwa na mizani kumi na sita za kuhesabu, na hizo hakuna askari aliyeweza kuzichukua. Umbo lilimpa pa kukanyaga.

Tena angalieni anazungumza na nani ndani ya upweke ule. Katika "Jipu" msemaji anaukabili uvimbe unaomtesa. Katika "Mamba" yupo mnyama wa kutahadharishwa. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" wapo ndugu wawili wanaobishana mti ni wa nani, na mshairi anawapa wote wawili sauti. Aliyefungiwa peke yake aliujaza ukumbi watu. "Siwati" ni tangazo la msimamo, na msimamo hautangazwi bila ya mtu wa kuusikia. Diwani ile ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Lakini hilo ni la makala mengine.

Hapa kwetu Uganda pia lipo jaribio linalounga mkono kile ninachokisema, na si la kifasihi. Mwaka 2004 Frank Neuner na wenzake walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na wakimbizi 43 kutoka Sudan katika makazi ya Imvepi, kaskazini mwa nchi. Kundi moja lilipata mafunzo tu juu ya kiwewe, la pili likapata ushauri nasaha wa kawaida, na la tatu likasaidiwa kuyasimulia maisha yao tangu kuzaliwa, kwa mpangilio wa wakati, mshauri akiandika. Kila walipokutana mshauri alimsomea msimulizi yale yaliyokwisha kuandikwa, naye akayarekebisha. Mwaka mmoja baadaye, katika kundi hilo la tatu asilimia 29 bado walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Katika makundi mengine mawili walikuwa asilimia 79 na 80. Njia hiyo ilijaribiwa tena Nakivale na wakimbizi 277, mara hii washauri wakiwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Idadi ya Imvepi ni ndogo, na mkimbizi si mwanafunzi wa kidato cha pili. Lakini mambo mawili yanaonekana: mfuatano wa wakati (ndiyo ile -ka- yetu), na mtu anayesikiliza akaandika kwa usahihi kile alichoambiwa, bila ya kuongeza tamathali.

Nirudi kwenye darasa, kwa kuwa kuna swali ambalo wasomaji wa jarida hili watakuwa wameshaanza kuniuliza: kwa nini Kiswahili? Mtoto wa Munkunyu hulia kwa Lhukonzo. Kiswahili ni lugha yake ya tatu, wakati mwingine ya nne. Zaidi ya hayo, katika nchi hii Kiswahili kimebeba kumbukumbu ya bunduki. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukiongezea marafiki, na hadi leo wapo wazee ambao wakisikia amri ya Kiswahili usiku hutafuta mlango wa nyuma. Kumwambia mtu aandike kiwewe chake kwa lugha iliyotumiwa kumtisha ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Nimelifikiria, na naona pande mbili. Huku mpakani Kiswahili hakikuja na askari peke yao. Kilikuja pia na wachuuzi wa Kasindi, na wachimba madini wa Kilembe, na wakimbizi wa Kongo wanaokuja na mbuzi na godoro. Ni lugha ya soko la Mpondwe, lugha ya kuombana bei. Halafu wataalamu wa uwililugha wameeleza kwamba maneno ya lugha tuliyojifunza ukubwani mara nyingi hayachomi kama yale ya lugha ya mama. Huo umbali waweza kuwa hasara kwa mshairi, lakini kwa mtoto aliyeogopa ni kama kitambaa cha kushikia chungu cha moto. Wengine watakitaka kitambaa, wengine watataka mikono yao. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba zoezi kama hili lisiwe na sharti la lugha. Aandike Kiswahili, aandike Lhukonzo, achanganye. Kipindi ni cha Kiswahili, ndiyo, na mkaguzi huenda akanuna. Mwanafunzi akiona neno lake la nyumbani halikuzungushiwa wino atalitafutia lenzake la Kiswahili siku nyingine kwa hiari yake, na hapo ndipo lugha inapofundishika.

Walimu wenzangu wa shuleni husema: sisi si madaktari. Ni kweli, na mipaka iwekwe. Mtoto asilazimishwe kuandika juu ya jambo lililomuumiza, na hasa asilazimishwe katika siku na wiki za mwanzo; mapitio ya tafiti kuhusu kuwahojisha watu mara moja baada ya maafa yameonyesha kwamba mkutano mmoja wa kuwataka waeleze kila kitu hauwakingi na kiwewe. Asisomewe insha yake mbele ya darasa, hata kama ni nzuri, hata kama mwalimu amelia alipoisoma. Na mwalimu ajue kabla ya kuanza, si baada, atafanya nini akikuta katika daftari kwamba mtoto anatendewa ubaya nyumbani au anafikiria kujiua. Siri ya mtoto ina mpaka, na mpaka huo aambiwe tangu siku ya kwanza: jambo la hatari litapelekwa kwa mwalimu mlezi, na kutoka hapo kwa wahudumu wa afya, pengine hadi hospitali ya Bwera au Kagando. Mwalimu asiyekuwa tayari kulifanya hilo asiandike anwani ile ubaoni. Kuna anwani nyingi, "Umuhimu wa Miti" ingali inafaa.

Pendekezo langu kwa idara linahusu mazoezi ya kufundisha yajayo. Kila mwanachuo atakayekwenda shule za Kasese achukue daftari moja la ziada kwa kila mwanafunzi, lisilokuwa na alama. Mara moja kwa wiki, dakika 15, wanafunzi waandike barua. Si insha. Barua kwa mtu wanayemchagua wenyewe: nyanya, rafiki aliyehama, mtu aliyekufa, mto, mwenyewe akiwa na miaka mitano. Asiyetaka kuandika msiba aandike habari za mbuzi. Mwalimu asisome isipokuwa ameombwa; akiombwa ajibu kwa barua, sentensi mbili tatu, kwa wino wowote isipokuwa mwekundu. Anayetaka umbo afundishwe umbo, tarbia au utenzi, kwa kuwa wapo watakaotaka kuhesabu. Na katika insha za kawaida, zile za alama, tukubaliane kwamba sentensi nyoofu kama "hakutoka" ihesabiwe kuwa mtindo, na "ghafla bin vuu" ihesabiwe kuwa maneno matatu.

Tumejadili pendekezo hili katika kikao cha idara na halikupingwa sana, ila kwa jambo moja ambalo bado hatujaafikiana. Shule nyingi za huku hazina kabati la kufungika. Madaftari hukaa ofisini, juu ya meza, na kila apitaye hufunua. Mwenzangu mmoja ameshauri wanafunzi waende nayo nyumbani. Mwingine akasema nyumbani ndiko kuliko na wasomaji hatari zaidi. Tunahitaji, kabla ya muhula kuanza, makasha ya mbao yenye kufuli, moja kwa kila shule, na tuamue ufunguo atakaa nao nani.